Jukwaa la Kutazamia Kozi Asiyeonekana

Mheshimiwa Meya Herman Tukrook, waheshimiwa madiwani, ndugu wageni mlioshuka leo kwa ndege ndogo, wazee wetu, na nyote mliosimama hapa chini ya ngazi: habari za mchana.

Nimealikwa, kama mtangazaji wa redio yetu, kulisifu jukwaa hili, nami nalisifu. Limejengwa ukingoni mwa jabali, lina viti, lina paa, na ukiketi pale juu unauona Mto Colville mpaka unapopinda. Kitu kimoja tu hakionekani: kozi, yule ndege mwindaji ambaye jukwaa limejengwa tumtazame.

Kosa ni la nani? Si letu. Mbao zilikuja kwa mashua barafu ya mto ilipovunjika, na kozi, kwa kukosa adabu, akachagua majira hayo hayo kutaga. Tungeweza kungoja Agosti, makinda wakisharuka. Lakini nani angethubutu kuwaharibia waheshimiwa likizo yao ya Agosti?

Ujenzi ulipokwisha, Mheshimiwa alipanda kukagua, akamuuliza fundi Simeon ndege wako wapi.

"Chini ya viatu vyako, Meya."

Mheshimiwa akamwona mama kozi akizunguka angani kwa makelele, akafurahi kwamba ndege ameshaanza kukaribisha wageni.

"Huyo hakukaribishi, mzee, anakutukana," akasema Simeon. "Na akikutukana mpaka jioni, wanawe watakufa kwa baridi."

Makinda ni wawili, wametotolewa juzi, na manyoya yao bado ni kama vumbi. Kila tukikanyaga mbao, mama huruka na kuwaachia upepo. Jabali hili halina jozi nyingine. Je, ndugu zangu, hao wakifa, jukwaa litakuwa la kutazamia nini? Misumari?

Nimepewa mkasi nikate utepe. Sitaukata. Naufunga hapa ngazini, na anayetaka kupanda kabla makinda hawajaruka aufungue mwenyewe, mbele ya macho yenu. Ng'ambo ya mto, pale kina mama wanapoanika samaki, kiota chote kinaonekana kwa darubini, na hapakuhitaji msumari hata mmoja. Mashua ya Simeon inatungoja. Mheshimiwa nimemwekea nafasi ya mbele, kwa cheo chake.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa tuondoke kimya, mwenye nyumba arudi kwa watoto wake.