Namba Iliyokuwa na Mashahidi Watatu

Wandugu, poleni na wiki. Mwenyekiti ameniambia nisichukue saa nzima, na nitajaribu, ingawa wanaonijua wanajua mdomo wangu ukishafunguka kuufunga ni kazi. Naona pale nyuma mmeshaanza kucheka. Chekeni tu. Siku niliyoingia kwenye kikundi hiki cha watu walioachishwa kazi, kinachokutana kanisani hapa kila Jumamosi, sikuwa na kicheko hata cha kuazima. Leo nataka niwaambie nilivyofika hapa, na aliyenifikisha ni mimi mwenyewe. Sikulogwa na mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nimeajiriwa na ofisi ndogo huko Spring Valley, nyumba ya kupanga yenye bustani kubwa kuliko ofisi yenyewe. Kazi yetu ilikuwa kuandika ripoti za biashara kati ya Kenya na majirani zetu. Mkubwa wetu aliandika maneno, mimi nikatafuta namba: mahindi kiasi gani yamevuka kutoka Uganda, maharagwe yako bei gani upande wa Tanzania, mambo kama hayo. Ofisi haikuwa na intaneti ya kutegemewa siku hizo, kwa hivyo nilitumwa mjini kwenye saiba moja karibu na Barabara ya Tom Mboya. Unalipia kwa dakika, unabonyeza, unangoja ukurasa ufunguke mpaka chai inapoa.

Nami nilijiona mtu! Shati limepigwa pasi, karatasi za printa kwapani. Watu wa ploti yetu, pale tunapopanga hapa mtaani Satellite, walikuwa wakiniita Daktari, na mimi siwakatazi. Nilidhani kujua kutafuta kitu kwenye kompyuta ndiko kujua kitu chenyewe. Ndugu zangu, nawaambia, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Sasa sikilizeni nilivyoanguka. Tulikuwa tunamaliza ripoti moja, na katika jedwali lake palibaki kisanduku kimoja kitupu. Kilitaka kiasi cha mahindi kinachovuka mpaka pale Busia kwa baiskeli na kwa vichwa vya akina mama, yale ambayo hayapiti kwa malori. Nilitafuta asubuhi nzima pale saiba, sikupata. Mkubwa alikuwa anaitaka ripoti kabla ya chakula cha mchana. Ningeacha kile kisanduku kitupu, hakuna ambaye angekufa. Lakini Daktari ataachaje kisanduku kitupu? Nikafikiria kidogo, nikaandika namba. Ndogo ndogo hivi, ya heshima, isiyoshtua mtu. Halafu chini ya jedwali, mahali pa kuandika chanzo, nikaweka: utafiti wa ofisi.

Utafiti gani? Ni mimi na kikombe cha chai.

Ripoti ikapita, ofisi ikaiweka kwenye intaneti, mimi nikasahau. Nawaambia ukweli, nilisahau kabisa, wala dhamiri haikunisuta.

Ikapita kama miaka minne. Kufikia hapo ofisi ilikuwa imepata intaneti yake na mimi nimepandishwa cheo. Likaja shirika moja la misaada lililotaka kujenga ghala la nafaka mpakani, la kuwasaidia wanawake wanaouza mahindi. Pesa zilikuwa za ghala moja tu, na miji ilikuwa miwili, Busia na mwingine wa mpakani. Wakatuuliza, tujenge wapi? Mkubwa akanigeukia mimi. Nikakaa kwa kompyuta, nikatafuta mahindi yanayovuka Busia kwa vichwa na baiskeli, na safari hii nikaipata namba. Iko kwenye gazeti. Iko kwenye tasnifu ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Iko kwenye ripoti ya taasisi moja ya biashara ya kanda hii. Tena ni ile ile moja, sehemu zote tatu! Nilifurahi, nikamwambia mkubwa, "Hii haina wasiwasi, ina mashahidi watatu." Na kwa kuwa ilikuwa ndogo, tukashauri ghala lijengwe ule mji mwingine.

Shirika likaita mkutano katika hoteli moja katikati ya jiji ili watu wasikie ripoti kabla ya kuamua. Wafanyabiashara wa mpakani walialikwa. Nilipomaliza kuisoma ile namba, akasimama mama mmoja wa Busia, mtu mzima, leso imefungwa kiunoni juu ya gauni lake la kanisani. Akasema, "Samahani, mwanangu. Hayo mahindi umesema, nani alikuja akahesabu? Mimi huvuka kila siku ya soko na sijawahi kuona mtu na kalamu."

Nikamjibu kwa kiburi changu chote, "Mama, hiyo imetoka kwa intaneti, na si mahali pamoja, ni mahali patatu."

Watu wakacheka. Yule mama akakaa chini. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko naona aibu, maana mimi ndiye niliyekianzisha.

Wakati wa chai alinifuata. Nilidhani amekuja kugomba, kumbe hapana. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Kakamega, akasema, "Basi wewe ni mtoto wetu." Kisha akanieleza kwamba mvua zilizopita zilikuta mahindi yao yamepangwa kwenye veranda ya duka la watu, yakalowa, yakaota ukungu, wakayamwaga. Mwenzake mmoja aliacha biashara siku hiyo na hajarudi. "Sijakukasirikia," akasema. "Lakini ukirudi ofisini, uliza hiyo intaneti yako kama imewahi kufika kwetu."

Nilirudi Spring Valley na hayo maneno. Nikafungua kompyuta, nikasema wacha nifuate huyu shahidi wa kwanza nijue alitoa wapi. Gazeti lilisema limetoa kwa yule mwanafunzi. Nikafungua tasnifu ya mwanafunzi, naye alikuwa ametoa kwa ile taasisi. Nikafungua ripoti ya taasisi, nikashuka mpaka maandishi madogo chini ya ukurasa. Hapo palikuwa na jina la ofisi yetu, na mwaka.

Nikainuka, nikaenda kwa rafu, nikaitoa ile ripoti ya zamani. Jedwali lile. Kisanduku kile. Utafiti wa ofisi.

Wandugu! Nilikaa chini sakafuni kando ya rafu na shati langu la pasi. Mashahidi wote watatu walikuwa mimi. Nilidanganya mara moja, uongo wangu ukatembea, ukavaa suti, ukarudi kunisalimia, na mimi nikaupokea kama mgeni wa heshima.

Siku mbili sikusema kitu. Najua kuna mtu hapa anajiuliza, si ungenyamaza tu? Nilijiuliza hivyo hivyo. Hakuna mtu angejua. Lakini kila nikifumba macho nilimwona yule mama akikaa chini huku watu wanacheka. Siku ya tatu nikaingia kwa mkubwa, nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema, "Umeniweka pabaya. Ukinyamaza, hii itapita. Ukiwaambia wale wenye pesa, sitaweza kukuweka hapa."

Nikamwambia, "Nisiposema, wale akina mama watanyeshewa kwa sababu yangu."

Akasema, "Basi andika barua, na mimi nitaandika yako ya kuachishwa kazi." Simlaumu. Hata alinipa mkono nikitoka kuipeleka barua kwa shirika, na macho yake yalikuwa mekundu.

Mngedhani mtu aliyesema ukweli analala vizuri. Wapi! Nilikuja nyumbani nikaanza uongo mwingine. Sikumwambia mke wangu. Kila asubuhi navaa, natoka na karatasi zangu kwapani, nafika Dagoretti Corner, pale stejini matatu zinaposimama, nakaa kwenye benchi la mpiga viatu rangi mpaka jioni. Viatu vyangu vilikuwa vinang'aa kuliko vya waziri, kazi sina. Hayo yaliendelea wiki nyingi. Nilikonda. Nilikuwa naogopa simu ikilia.

Siku moja mke wangu amekuja stejini kununua mboga, akanikuta. Alisimama mbele yangu na mfuko wake, akaniangalia, akasema, "Baba watoto, kwani ofisi ilihamia hapa?"

Nikalia, mbele ya mpiga viatu na wateja wake. Yeye akaweka mboga chini, akakaa kando yangu kwenye lile benchi, akasema, "Sasa niambie pole pole. Sina haraka." Yeye ndiye aliyenileta kanisani hapa Jumamosi iliyofuata, akanisukuma kupitia mlango ule pale. Na nyinyi hamkunihukumu. Mmoja wenu, yumo humu ndani na anajijua, aliniambia, "Wewe ulianguka kwa namba. Nenda kajifunze namba, usizikimbie."

Akanielekeza mjini, kwenye maktaba ya takwimu za serikali. Miaka yote niliipita nikikimbilia saiba. Pale nikakutana na mama wa maktaba, mkali kidogo, asiyependa mtu kutafuna kitu ndani. Nilimwambia natafuta namba. Akaniambia, "Namba ziko nyingi. Unataka ipi, ya nani?" Alinifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikimletea ukurasa wa intaneti, ananirudisha: nani alihesabu? Alisimama wapi akihesabu? Alitumia kipimo gani? Siku moja nilimletea magunia ya Kenya na magunia ya Uganda nimeyajumlisha, nimejisifu. Akanitazama hivi. "Gunia la huku ni kilo tisini. La kule ni mia. Umejumlisha nini?" Miaka yote ile kazini, wandugu, sikuwa nimewahi kuuliza gunia ni kubwa kiasi gani.

Nilipoona nimeiva kidogo, nikaandikia lile shirika tena. Nikawaambia sina namba, ila nikiruhusiwa naweza kwenda kuihesabu. Walikaa kimya mpaka nikakata tamaa, halafu wakasema nenda. Yule mama wa Busia aliniona nashuka na kalamu, akacheka mpaka akashika ubavu. Yeye na wenzake walisimama nami kwenye njia zote za mpakani, siku ya soko baada ya siku ya soko, tukihesabu gunia kwa gunia, na yale makopo ya kupimia, gorogoro kwa gorogoro. Tulipomaliza, ile namba yangu ya kikombe cha chai haikufika hata karibu.

Barua yangu ya kwanza haikuwa na namba nyingine ya kuwapa, kwa hivyo ghala kubwa lilikuwa limeshaanza kujengwa ule mji mwingine. Sitawadanganya, halikuhamishiwa Busia. Lakini shirika lilitafuta pesa kidogo, na Busia wakapata banda la mabati lenye sakafu ya simiti. Dogo, lakini halivuji. Mimi sasa nawahesabia wafanyabiashara wadogo bei na mizigo, kazi inanitosha, na kisanduku nisichokijua nakiandika hivi: sijui.

Namshukuru mke wangu kwa kukaa kwenye lile benchi. Namshukuru mama wa maktaba na ukali wake, na yule mama wa mpakani aliyechekwa kwa ajili yangu na bado akaniita mtoto wao. Nawashukuru nyinyi. Na Mungu, ambaye alinivumilia kuliko nilivyostahili.

Nawaachia neno moja. Ukikuta kitu kimesemwa mahali patatu, usihesabu midomo. Fuata nyuma mpaka umpate mtu aliyekiona kwa macho yake, na usipompata, sema hukumpata.

Niliwaandikia wale wote watatu waiondoe ile namba. Wawili waliitoa. Wa tatu hajawahi kunijibu. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja aliniandikia, ameiona hapo, anauliza huo utafiti ulifanywa namna gani.  Nikamjibu: kijana wangu, haukufanywa, niliitunga mimi, na hili hapa jina langu, uliandike.