Baraza la Mama Editha Kobelo (1952–2025)

Jackson, ambaye leo ni mkwe wa marehemu, alimfahamu Mama Editha Kobelo mwaka 2013 kwa shida ya barabara. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji, nyuma ya soko, kwenye mtaa usiotokea: mwisho wake ulizibwa na baraza la nyumba ya Mama. Lori likishusha saruji lilitoka kwa rivasi mpaka barabara kuu, na wateja wakaanza kukimbilia maduka ya Msamvu, pembeni mwa mji. Baraza lisipoondoka, duka lingekufa.

Akaenda kupatana na Mzee Daniel, mume wa Mama. Walipatana wiki nzima, chai juu ya chai, mpaka Jackson akanyoosha mkono wafunge. Mzee akacheka.

"Mwanangu, mimi humu nimeoa tu. Nyumba ni ya ukoo wa mke wangu. Mwenyewe yule pale kwenye cherehani."

"Sasa mzee, mbona wiki nzima hukusema?"

"Ulikuwa unaongea vizuri."

Mama alizaliwa Kinole, kijiji cha mlimani, tarehe 9 Aprili 1952. Alisoma hukohuko mpaka darasa la saba, mwaka 1967, kisha akajifunza ushonaji kwa masista. Tangu 1971 alishona sare za shule kwenye baraza lile, katika nyumba aliyoijenga mama yake mzazi kwa ndizi za mlimani, na watoto wa mji huu wengi walipimwa viuno pale. Alifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1973.

Jackson akarudi, safari hii kwenye cherehani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemaliza kununua kwa mgeni?"

Akamtuma Kinole, kwa wajomba na dada zake, maana mali ya ukoo haitolewi na mtu mmoja. Ukoo ulikataa fedha. Ulitaka Jackson ajenge frem mbili za maduka zinazotazama barabara mpya, ziwe za binti za Mama. Mama akaongeza la kwake: "Na usinijengee kwa matofali yako yaliyovunjika."

Alijenga. Mwaka 2014 baraza lilivunjwa, mtaa ukatokea. Mwaka 2016 Jackson alimwoa Doreen, binti wa kwanza wa Mama. Kwenye mahari hakupata punguzo.

Mzee Daniel alifariki mwaka 2018. Tangu 2021 Mama alisumbuliwa na moyo. Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, mchana, pumzi zilimpungua. Gari lililoitwa lilikwama mdomoni mwa mtaa: bajaji, bodaboda, na lori lililokuwa likimshushia Jackson saruji. Ilibidi Jackson na Frank, mtoto wa mwisho wa Mama, wambebe kwenye kiti hadi barabara kuu. Mkwe hambebi mama mkwe, lakini siku ile hakuna aliyeuliza.

"Mkwe," Mama alisema njiani, "si ulisema barabara itapitika?"

"Nilisema, mama."

Alifariki hospitalini jioni hiyo.

Ameacha watoto watatu, Doreen, Jesca na Frank, wajukuu saba, na dada yake Margareth aliyeko Kinole.

Jackson alipata barabara, na duka lipo. Doreen na Jesca wana frem zao, na kodi hawamlipi mtu. Baraza lilipovunjwa, Mama alihamishia cherehani chumba cha nyuma, kisicho na mwanga wa kutosha, na baada ya mwaka mmoja akaacha kushona. Hakuwahi kulalamika, wala hakuna aliyemuuliza.

Apumzike sasa, Mama yetu, mahali pasipo na honi.