Mzee Kasiani na Rangi Nyekundu ya Mashua

Jumamosi hii, tarehe 29 Oktoba 1955, Mzee Kasiani anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya mashua hapa Morogoro kwa miaka ishirini na mitatu.

Wageni huuliza mashua zinatafuta nini huku milimani. Huletwa kwa treni kutoka pwani, zikatengenezwa hapa, kisha zikapelekwa kwenye vivuko vya Mto Kilombero. Nyingi huja na rangi nyekundu tumboni, yenye sumu ya kuzuia kombe wa baharini na mwani visigande. Ikizeeka hubanduka, na lazima itolewe yote kabla ya kupaka nyingine. Kazi hiyo ni ya Mzee Kasiani.

Hakwangui pakavu hata siku moja. Hulowesha mbao, hujifunga kitambaa puani, hutandika magunia chini ili yakinge kila gamba la rangi, kisha huyafukia yote. Vijana humtania, "Mzee, unamwogesha bibi harusi?" Naye hujibu kwamba bibi harusi hana sumu, labda mama mkwe.

Jumatano alilala na homa. Magamba ya rangi aliyokwangua Jumanne yakabaki juani bila kufukiwa, yakakauka, yakawa unga laini. Mama Modesta wa Towelo, kijiji cha juu mlimani, anayetuuzia kabichi, aliuona akadhani ni udongo mwekundu wa kusiribia nyumba. Mjukuu wake mkubwa anapokea Komunyo ya kwanza Jumapili, naye alitaka kuta zipendeze. Akaomba kopo moja, akapewa.

Alhamisi Mzee Kasiani alirudi, akasikia habari hiyo, akaacha chai yake mezani. Alipanda Towelo na ndoo na matambara. Ukuta ulikuwa umekwisha kusiribwa upande wa chini, pale anapochezea mjukuu mdogo, Furaha, ambaye bado hulamba vidole. Mama Modesta alimfokea, "Kwako hujapaka hata mlango, leo unakuja kubandua kwangu!" Mzee alimwomba radhi, akaendelea kulowesha na kukwangua, akachimba shimo mbali na mfereji wa bustani.

Jioni Furaha alianza kutapika. Mama Modesta hakufoka tena. Mzee Kasiani, na homa yake, alimbeba mtoto mgongoni hadi hospitali ya mjini.

Haya yanaandikwa Ijumaa jioni. Furaha amekunywa maziwa kidogo, lakini daktari bado hajasema lolote la kututuliza. Kwa hiyo, ndugu wageni, mkikuta kiti cha mbele ni kitupu, msidhani Mzee amesusa sherehe yetu ya kumuaga. Yuko wodini na Mama Modesta, na zawadi yake tutaipeleka huko huko.

Asante, Mzee Kasiani, kwa miaka yote uliyotukinga bila sisi kujua. Ukapumzike salama nyumbani, na Mungu ajalie siku yako ya kwanza ya ustaafu umsikie Furaha akililia uji.