Nambari Themanini na Nane Anasubiriwa

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mamia mliowahi kuvua viatu mbele yake, familia imemwomba mdogo wake wa mwisho asome maisha ya dada yake, naye anaomba radhi mapema iwapo sauti itakwama njiani, kwa sababu marehemu ndiye aliyemfundisha kusoma.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Mizani hadi mkasahau jina alilopewa na wazazi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi wa mabehewa na mshonaji nguo, akamkuta dada yake mkubwa ana miaka mitano, mnene, mcheshi, mwenye nguvu za kumbeba mgongoni mchana kutwa. Wawili hao walilala kitanda kimoja tangu marehemu alipoachishwa ziwa hadi alipokwenda chuo, Dada upande wa ukutani, yeye upande wa nje, ingawa marehemu alikuwa akisema kwamba kwa ulalaji wa Dada, upande wa nje haukuwepo.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akaimaliza mwaka 1974, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1975 na kuhitimu mwaka 1978, na ni haki isemwe hapa mbele ya watu kwamba Dada aliacha masomo akakaa kwenye cherehani ya mama ili mdogo wake aendelee, na sare zote za marehemu zilishonwa na mikono ile. Januari 1979 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu Novemba 1982, akapangiwa wodi ya wagonjwa wa kisukari katika hospitali ya wilaya, ambako kwa miaka kumi na moja aliwafunga bandeji watu waliokatwa miguu, akawa anajiuliza kila siku kwa nini watu hao wanafika hospitali wakati mambo yameshaharibika.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi majokofu, mtu wa maneno machache na kiuno kipana, wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1987 na wa kiume mwaka 1991, na mumewe ni shahidi kwamba katika nyumba ile hakuna aliyewahi kubana tumbo utepe wa kupimia kiuno ukipita, kwa sababu marehemu alikuwa anasubiri, anakutazama tu, mpaka pumzi inakuishia mwenyewe.

Tarehe 3 Januari 1994 alihamia kwenye mradi wa utafiti wa unene na magonjwa yanayoambatana nao, uliopanga kuwafuata watu wazima mia sita na arobaini kila mwezi Juni, kuwapima uzito, kiuno, presha na sukari, ili ijulikane ni nani anaugua, lini, na mwili wake unakitumiaje chakula kabla ya kuugua. Kila siku ya kazi, kabla mlango haujafunguliwa, alilipandisha jiwe la chuma la kilo ishirini juu ya mizani, na likisoma pungufu au zaidi hata kwa punje, hakuna mtu aliyepimwa siku hiyo, hata foleni ingefika barabarani. Dada alijiandikisha wiki ya kwanza, akapewa nambari themanini na nane, na kwa miaka tisa alikuja akiwachekesha waliokaa kwenye benchi.

Linalofuata marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe, lisipakwe rangi. Kanuni ya mradi wakati ule ilimtaka mpimaji asome uzito kwa sauti, mwandishi aurudie kwa sauti, ndipo uandikwe, ili kusiwe na makosa, na tarehe 17 Juni 2003, katika ukumbi wa shule, Dada alipanda mizani, marehemu akasoma kilo mia moja na kumi na nane nukta nne, mtu mmoja kwenye benchi akauliza hayo ni magunia mangapi, benchi zima likaangua kicheko, mwandishi hakusikia kwa ajili ya kicheko hicho, naye marehemu, kwa utiifu wake kwa kanuni, akarudia namba ile ile, kwa sauti kubwa zaidi. Dada alishuka, akachukua viatu vyake mkononi, akatoka nje peku. Mwezi uliofuata alihamia mji mwingine, na hawakuongea tena.

Marehemu aliandika barua, akapiga simu ikaita mpaka ikachoka, akatuma salamu kwa mdogo wao huyu anayesoma, na jibu kila mara lilikuwa lile lile, "Mwambie nimesikia." Juni 2004, baada ya yeye kuwasumbua wakubwa wa mradi karibu mwaka mzima, kanuni ilibadilishwa, benchi likatolewa nje ya chumba cha mizani, uzito ukawa unaandikwa kimya kwenye kadi na kuonyeshwa kwa mwenyewe tu, na vijana watafiti waliokuja na midomo yao kuhusu watu wavivu wasiojizuia kula aliwaweka chini akawaeleza habari za homoni, za usingizi, za dawa, za kurithi, za kazi za kukaa kutwa, na mwisho akawaambia kwamba mwili wa mtu si kosa la jinai. Aliwatafuta pia waliojitoa, mmoja mmoja, akakuta wengi hawakukimbia sindano, walikimbia aibu, na wengine walikuwa wameacha hata kwenda kliniki, kisukari kikawatafuna kimyakimya.

Katika daftari la mradi, mtu asiyekuja huandikwa amejitoa, amehama au amefariki, lakini mbele ya nambari themanini na nane marehemu aliandika "anasubiriwa", na mtakwimu alipolalamika kwamba neno hilo halimo kwenye kompyuta, alimjibu, "Basi ifundishe." Mtakwimu alibisha miaka mitatu, kisha akanyoosha mikono, akaliongeza. Kila Juni, siku ya mwisho, kiti kimoja kiliachwa wazi mpaka jioni, na hakuna aliyethubutu kufungasha vifaa kabla yeye hajanyanyuka.

Februari 2019 alianza kukonda, watu wakamsifu mitaani kwamba amependeza, amepungua, naye akawajibu, "Asanteni, ila sikuomba," na tarehe 12 Machi madaktari wakathibitisha saratani ya kongosho. Alijipima kila Jumatatu, kutoka kilo sabini na moja hadi arobaini na tisa, akiandika mwenyewe, na Juni alipelekwa ukumbini kwa gari la jirani, akakaa kando ya kile kiti mpaka jua likazama. Dada hakuja. Marehemu alifariki wodini Jumatano, tarehe 21 Agosti 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane, akishikwa mkono na mumewe.

Dada alifika saa saba mchana siku hiyo hiyo. Alikuwa ameambiwa hali ni mbaya, akapanda basi la kwanza, na katika mkoba wake mlikuwa na daftari la shule lenye mistari kumi na sita, Juni moja baada ya nyingine, ambamo aliandika uzito aliopima duka la dawa la huko kwao, bila viatu kama alivyofundishwa, isipokuwa mwaka mmoja aliandika "mashine mbovu", na miaka miwili ya mwanzo "nina hasira". Alipoulizwa kwa nini hakulituma miaka yote hiyo, alisema alitaka kumpa mwenyewe mkononi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, inamshukuru jirani mwenye gari, inawashukuru majirani wengine mliopika na kufua bila kuulizwa, na inawashukuru wafanyakazi wa mradi, kwa namna ya pekee kwa kukubali jana kufungua chumba cha mizani ingawa si Juni. Mlilipandisha jiwe la chuma kwanza, likasoma kilo ishirini kamili, kisha mkatoka nyote, mwandishi pia, mkabaki nje na mlango umefungwa. Dada alijipima peke yake, akaandika kadi, akaikunja, na leo asubuhi ameiweka mkononi mwa marehemu, ndani ya jeneza, na hakuna mwingine aliyeisoma.

Pumzika, Mama Mizani. Kiti kimekaliwa.