Sabuni Yetu Ibaki kwenye Masufuria

Mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa nafasi kabla hatujafungua sanduku letu la akiba, na nashukuru, maana nimekaa na jambo hili mpaka limenichosha. Linahusu sehemu ambayo kila mmoja wetu hapa anayo na hakuna anayetaka kuitaja. Mimi naitaja. Ukeni. Haya, nimesema, na paa la ofisi bado lipo.

Wengi mnanijua kama yule msomi wa steshenari hapa Nkende, anayesubiri ajira huku anatoa fotokopi. Mume wangu ni mwalimu kule Issenye, anakuja mwisho wa wiki. Na mnajua pia ninavyowaza. Mtu akichelewa kupokea simu, mimi tayari nimeshamzika.

Basi, ulianza muwasho kidogo tu. Mwingine angesubiri kidogo aone. Mimi nikachukua simu nikasoma. Kabla chai haijapoa nilikuwa na saratani, kisukari na ugumba, vyote kwa pamoja.

Halafu nikamwambia mwenzetu mmoja. Ndugu zangu, nawaambia, katika kikundi hiki hakuna kitu kinachoitwa mtu mmoja. Jioni hiyohiyo ushauri ulinifuata hadi dukani. "Chemsha maji, tia chumvi nyingi, ukalie." Nikakalia. "Chumvi haina nguvu, paka ndimu." Ndimu, jamani! Msicheke, aliyenishauri yumo humuhumu anacheka kuliko wote. Mwingine akaniletea unga kutoka Sirari, umevuka mpaka bila hata karatasi ya maelezo: "Weka ndani, unakausha." Ulikausha kweli. Nilitembea kama mtu aliyeshuka kwenye baiskeli baada ya safari ya kutwa.

Nikaenda duka la dawa. Kabla sijamaliza sentensi, muuzaji akasema, "Fangasi hiyo, wanawake wote wanayo," akanipa vidonge na krimu. Hakuuliza kama nina maumivu, kama nina mimba, hakuuliza chochote. Nikatumia. Hamna kitu. Na kila baada ya dawa nilikuwa najiosha, asubuhi na jioni, nje na ndani, kwa nguvu, kama nasugua sufuria. Kumbukeni hilo la sufuria.

Sasa lililoniumiza zaidi halikuwa ndimu. Ni mama mmoja aliyenisogelea hapa nje, akauliza taratibu, "Mwalimu wako huko Issenye anakaa peke yake wiki nzima?"

"Ndiyo, mama."

"Mmh."

Ni hilo tu. Mmh! Na akaondoka na kikapu chake. Mimi hiyo "mmh" nikalala nayo, nikaamka nayo. Nikakumbuka mume wangu amenunua shati jipya. Nikakumbuka siku moja alicheka kwenye simu kisha akatoka nje. Nikajua kila kitu. Ugonjwa kauleta yeye. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini baba yangu kule Nyanungu. Ng'ombe wa mahari tayari wapo zizini, na mmoja alishauzwa akawa ada ya mdogo wangu. Unamrudishaje ng'ombe ambaye sasa yuko kidato cha tatu? Ndoa yangu ilikuwa imeshavunjika kichwani, imebaki kumjulisha mwenye mke. Nikamtumia ujumbe: "Jumamosi usije."

Akaja Ijumaa. Vumbi la bodaboda limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Wewe ndiye unajua."

"Mama, mimi nafundisha hesabu. Nipe swali lenyewe, nisikisie."

Nikalitoa lote, muwasho, shati, simu. Nikasubiri akane au apige kelele. Akasema tu, "Kama ni ugonjwa, tunao wote. Kama si ugonjwa, tujue. Twende tukapimwe pamoja, sasa hivi." Mama zangu, hapo ndipo mambo yalipogeuka. Tangu muwasho uanze, hakuna aliyekuwa ametamka neno kupimwa, hata mimi mwenye shahada.

Hospitali tulimkuta daktari mama, si mtu wa huku. Akanisikiliza, akanichunguza, tukatoa damu na mkojo, akachukua na majimaji ya ukeni. Tukasubiri kwenye benchi bila kuangaliana. Majibu yakaja: hakuna ugonjwa wa zinaa, kwake wala kwangu. Hakuna fangasi. Sukari iko sawa. Mnajua nilifanya nini? Nikabisha!

"Daktari, lakini nimesoma..."

"Wapi?"

"Kwenye simu."

"Simu imekuchunguza?" Akashusha pumzi. "Unajioshea nini?"

"Sabuni ya kikundi chetu."

"Ya kuogea?"

Mume wangu akanigeukia. "Ile inayotoa masizi?"

Ndiyo, ile ile. Tunaipika wenyewe nyuma ya ofisi hii, na kanuni yetu inasema mwanachama asionekane na sabuni ya dukani. Sokoni mimi ndiye ninayeita kwa sauti kuliko wote, "Sabuni moja, kazi zote!" Nikalisikia tangazo langu, nikaliamini.

Daktari akasema sehemu ya ndani inajisafisha yenyewe, ina vijidudu vyake vizuri vya kuilinda, na mimi nilikuwa naviosha na kuvitupa kila siku. Ngozi ilikuwa imechubuka kwa sabuni, kisha nikaongeza chumvi, ndimu na unga juu ya kidonda. Akaniambia niache vyote. Nje, maji safi yanatosha. Ndani, nisiweke kitu. Chupi ya pamba, isiyobana, na tupumzike na mwenzangu mpaka nipone. Nimepona.

Lakini msiende nyumbani mkisema kila muwasho ni sabuni, maana nawajua. Mwingine ni fangasi kweli, mwingine ni maradhi ya zinaa, na kwa kuangalia tu huwezi kutofautisha. Ukiona uchafu umebadilika rangi au unanuka, vidonda, damu isiyo ya hedhi, maumivu ya tumbo la chini au wakati wa kukojoa, homa, nenda. Una mimba, nenda. Muwasho hauishi, au unaisha unarudi, nenda. Na usianze dawa ya jirani kabla hujapimwa.

Nawashukuru. Hata wa ndimu, ulikuja kuniona wakati wengine walituma salamu tu. Mama wa "mmh", nakushukuru pia, ila siku nyingine malizia sentensi. Namshukuru daktari, na namshukuru mume wangu aliyekuja alipokatazwa.

Mwenyekiti, naomba ile kanuni tuiondoe leo, na kwenye madumu ya sabuni tuandike: vyombo na nguo tu. Sokoni nitaita hivyo hivyo, na kwa sauti ile ile.

Leo asubuhi nimemwandikia mwalimu wangu neno moja: "Njoo." Akajibu, "Nije na nini?"

Nikamwambia njoo na lile shati jipya. Sabuni ninayo.