Mzee Magoti Anainuka Kwenye Zulia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusafisha mazulia ya watu, fundi wetu mkuu, ambaye kazini hapa kila mtu anamwita Mzee Magoti, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kazi ya kuandika maneno haya nimepewa mimi wa mapokezi kwa sababu ndimi ninayepokea simu, na kwa hiyo nimesikia kila sifa aliyopewa na kila lalamiko alilosababisha. Sifa ni nyingi zaidi. Malalamiko nayo hayakuwa haba, na karibu yote yalihusu mwendo wake.

Tuseme ukweli tangu mwanzo: wapo miongoni mwetu wanaoshusha pumzi kusikia anaondoka. Hakuna tena atakayesogeza kabati ulilolizunguka kwa ujanja, akachungulia nyuma yake, kisha akakutazama. Timu ya pili, mnajijua.

Alikuja kwetu kushika nafasi ya mbebaji aliyevunjika mkono. Ilikuwa iwe kazi ya wiki chache tu. Siku hizo kampuni yote ilikuwa ua mmoja wa saruji, bomba moja na brashi za mkono. Mazulia yalibebwa begani, yakapigwa fimbo, yakasuguliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Yule mbebaji alipona, akarudi, akakuta nafasi yake imekaliwa na kijana asiyeonyesha dalili yoyote ya kuondoka, ikabidi wabaki wote wawili. Kijana huyo alikuwa na tatizo moja. Kila alipopiga zulia fimbo, chafya zilimwandama mpaka jioni. Akawa anajiuliza, ikiwa yeye anayelipiga nje kwenye upepo anateseka hivi, wanaolala nalo chumbani wanaishije? Hapo ndipo kazi ilipomwingia moyoni.

Kwa wageni watakaosoma haya siku ya sherehe, nieleze kidogo. Zulia huficha mengi: vumbi, manyoya ya paka, chavua inayoingia dirishani, na utitiri, vijidudu ambavyo huwezi kuviona kwa macho na ambavyo chakula chake ni vipande vya ngozi tunavyopukutisha sisi wenyewe. Uchafu wa vijidudu hivyo ndio unaowafanya watu wenye aleji wawashwe macho na kupiga chafya, na wenye pumu wabanwe kifua. Mzee Magoti aliwaeleza wateja habari hizi kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku, kama mtu anayesengenya majirani. Hakuna mteja aliyemsikiliza kisha akakataa kusafishiwa godoro pia.

Mashine ya kufyonza vumbi aliisukuma polepole, akairudisha polepole, halafu akaanza upya kwa kukatiza upande wa pili. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwahi kunipigia simu akiwa nyumbani kwake kuniuliza kama fundi wetu ni mgonjwa. "Anaisukuma hiyo mashine kama anabembeleza mtoto," alisema. Nikamwambia ni mzima wa afya, ndivyo alivyo, avute subira. Baadaye alipiga tena. Ameonyeshwa mfuko wa vumbi uliojaa kutoka kwenye zulia ambalo mkewe alikuwa amelifagia asubuhi ile ile, na sasa yeye na mkewe hawasemeshani.

Jina la Magoti lilitokana na namna yake ya kupima. Akishaosha zulia na kulikausha, alipiga magoti katikati ya chumba akiwa na suruali yake nyembamba ya kazi, akafumba macho na kutulia. Unyevu ukipenya hadi ngozini, kazi haijaisha na feni zinawashwa tena. Siku moja alifanya hivyo katika ofisi ya mawakili wakati wa kazi. Makarani wakadhani anasali. Wakashusha sauti, mmoja akazima redio, na wakili mkuu alipotoka chumbani mwake akavua viatu na kusimama ukutani kwa heshima zote. Mzee alipofungua macho, akamtazama miguu na kumwambia, "Vizuri, bosi, ila na soksi uvue, maana bado kuna unyevunyevu."

Adui yake mkubwa alikuwa manukato. Wateja wengi hupenda zulia likisafishwa linukie maua, na kampuni nyingi huwapulizia wanachotaka. Yeye alikataa katakata. Alisema manukato ni kuficha uchafu na kumchokoza mwenye pumu kwa wakati mmoja. Bosi wetu alileta katoni nzima ya dawa yenye harufu ya waridi, ikakaa stoo hadi chupa zikaanza kuvuja, na mpaka leo stoo yetu inanukia kuliko chumba cha bibi harusi.

Na nyumbani kwake, je? Tulipomtembelea alipofiwa na kaka yake, tulivua viatu mlangoni kwa woga, tukijua tunaingia kwenye zulia la fundi mkuu. Tukakuta sakafu tupu ya saruji inayong'aa, na mikeka miwili. Mkewe alituona tunavyotazamana akacheka. Alisema mumewe anapiga magoti kwenye mazulia ya watu kutwa nzima, na yeye anashona viraka vya suruali zake usiku. Zulia la kwao la nini? Shemeji huyu ndiye mtu wa kwanza kututumia ujumbe wa kushukuru mzee alipopewa barua ya kustaafu. Anasema sindano zake zimechoka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nisingeliandika kama si mzee mwenyewe. Ameniambia nisipolieleza, haji kwenye sherehe, na keki nimeshaiagiza.

Mwezi wa nne alikuja ofisini kwetu fundi cherehani mmoja, mama wa binti wa darasa la kwanza. Wanaishi ghorofa ya pili, mume wake ni dereva wa malori na nyumbani hupita kama mgeni. Binti ana pumu. Kifua kilikuwa kimembana kiasi kwamba ukoo ulikwisha kukubaliana aende akaishi kwa shangazi yake, kwenye mji wa hewa kavu, asome huko huko hadi akue. Mama yake alikubali kwa mdomo. Moyoni hakukubali, na ndiyo maana alikuja kwetu. Alisema anataka kujaribu jambo la mwisho kabla hajamfungia mwanawe nguo.

Mzee Magoti alikwenda mwenyewe. Akafyonza vumbi, akaosha sebule na chumba cha kulala, akapima kwa magoti kama kawaida yake, akaridhika. Wiki mbili baadaye nilipokea simu. Yule mama hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga.

"Dada, sijui mmenifanyia nini," alisema. "Mtoto amekuwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Kliniki muuguzi ameniuliza kama kuna kitu kimelowa ndani ya nyumba. Sasa mimi nitajuaje? Shangazi yake anakuja Jumapili kumchukua."

Mzee alikuwa amesimama karibu na meza yangu, ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini na kuondoka bila hata kuvaa koti.

Alichokifanya kule alitusimulia mwenyewe. Alipiga magoti chumbani kwa mtoto, zulia likawa kavu kabisa. Akapiga magoti tena mahali pengine, kavu. Mtu mwingine angesema hilo si kosa letu, akarudi ofisini. Yeye alikaa pale sakafuni akiwaza lile swali la muuguzi, kisha akasogeza kitanda, akachukua koleo na kubandua pembe ya zulia iliyogandishwa sakafuni. Chini yake huwa kuna sponji. Sponji lilikuwa limelowa, lina harufu, na limejaa madoa meusi ya kuvu. Wiki aliyoosha zulia lile mvua ilikuwa inanyesha mfululizo, madirisha yamefungwa, na maji aliyoyamwaga yalikuwa mengi. Juu palikauka. Chini hapakukauka, na goti lake halikuwa na njia ya kujua.

Asubuhi iliyofuata, tulipokusanyika uani kugawana kazi, aliomba nafasi ya kusema. "Goti langu limenidanganya," alisema, "nami nikamdanganya mama wa watu. Mtoto ameumia kwa mkono wangu." Bosi alijaribu kumpunguzia, akasema mzee, hiyo ni mvua tu. Akajibiwa, "Mvua sikuanza kuijua jana, bosi."

Kazi ilianza siku ile ile. Mama na binti walihamia kwa jirani wa mlango wa pili. Zulia la chumbani lilibanduliwa lote na kuteremshwa ngazi kwa bega, na mzee alishika upande mzito licha ya sisi sote kumkataza. Sponji likatupwa. Sakafu na kuta zikasuguliwa, feni zikawashwa, na kwa bahati nzuri jua lilikuwa limerudi, madirisha yakafunguliwa yote. Mashuka na mapazia yalifuliwa kwa maji ya moto. Vitambaa vya cherehani vilivyorundikwa chini ya kitanda vilihamishiwa sebuleni kwenye boksi lenye mfuniko. Zulia la sebule lilioshwa upya kwa maji kidogo na kufyonzwa tena na tena, na safari hii pembe zote ziliinuliwa na kuguswa kwa chini.

Chumbani mama alitaka zulia jipya. Hapo ndipo fundi wetu mkuu, mtu aliyekula mkate wa mazulia maisha yake yote, alipomwambia, "Mama, mwanangu, chumba hiki kisipate zulia tena. Piga deki kila asubuhi, inatosha." Bosi alikuwepo. Alikohoa kidogo, lakini hakupinga.

Ijumaa binti alirudi kulala kwao. Jumapili shangazi akafika, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Mkoba wa nguo za mtoto ulikuwa umeshawekwa mlangoni. Mama akamweleza kwamba binti amelala usiku mbili bila kubanwa. Shangazi akasema usiku mbili si kitu, yeye si mtu wa kudanganywa na usiku mbili, na kama ni hivyo atakaa pale wiki nzima asikilize mwenyewe.

Wiki ile ilikuwa ndefu kwetu sote. Mzee alikuwa akifika asubuhi, hata salamu hajamaliza, ananiuliza, "Dada, yule mama kapiga?" Namjibu hajapiga, mzee wangu. Anakwenda kuosha mashine ambayo tayari ni safi. Chai ikawa inapoa mezani. Tuliomzoea akitukaripia tulitamani hata atukaripie. Nakiri nilikuwa naogopa simu ikiita, na naogopa zaidi isipoita.

Simu haikuita. Jumatatu walikuja wenyewe. Baadaye mama alinieleza ilivyokuwa: Jumapili ya pili asubuhi shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka sikio mgongoni kwa mtoto aliyelala, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akachukua mfuko wake mwenyewe, akaufungua mkoba wa binti na kuanza kurudisha nguo kabatini. "Wifi," alisema, "mimi nilikuja kuwasalimia tu." Akapanda basi la saa nne.

Daktari amewaambia pumu haijafutika na dawa ya kuvuta iendelee kukaa karibu. Tunajua, na mzee anajua kuliko sisi. Tangu siku ile hakuna timu inayoondoka kwa mteja bila kuinua pembe na kupeleka mkono chini ya zulia, na feni zimeongezwa. Bosi alitaka utaratibu huo uitwe kwa jina la mzee. Akakataa, akasema labda uitwe kwa jina la yule muuguzi.

Mtakumbuka ofisi yetu iko juu, na ngazi zake hutuachisha kusema hata sisi wenye afya. Jumatatu ile tulisikia miguu midogo inapanda mbio, na sauti inaanza kuongea ikiwa bado chini kabisa. Binti alikuwa anamtangazia babu wa mazulia habari zake: kwamba shangazi ameondoka na mfuko mmoja tu, kwamba kitanda chake kimegeuzwa kinatazama dirisha, kwamba shuleni amekuwa wa pili kwenye kukimbia na wa kwanza ni mwongo. Alipita mlangoni bado anaongea. Alifika mbele ya mzee bado anaongea. Mama yake alikuwa nyuma sana, katikati ya ngazi, yeye ndiye anayehema.

Mzee alivuta kiti akakaa. Aliinua kidole kututaka tunyamaze, nasi tukanyamaza, na ofisi nzima ikabaki inamsikiliza mtoto anayesema upuuzi wake bila kukatizwa na kifua. Machozi yalimtoka mzee bila aibu, na wengine wetu tulimfuata. Sijawahi kuona watu wanalia kwa furaha nyepesi namna ile.

Mzee wetu, kwa niaba ya bosi, ya timu zote mbili na ya mapokezi, asante kwa miaka yako, kwa macho yako nyuma ya makabati, na kwa asubuhi ile uani ulipotuambia ukweli. Mungu akujalie umri mrefu na afya njema, wewe na shemeji yetu. Na kila usiku ulale kama anavyolala yule mtoto sasa, kitandani kwao, usingizi mzito, mama yake akiwa chumba cha pili ameacha kusikiliza.