Ekai Esekon na Injini Aliyoiacha Wazi

Jambo moja familia bado haijalielewa, hata asubuhi ya leo, nalo ni kwa nini mzee Ekai Esekon, fundi asiyewahi kuchelewesha kazi ya mteja, aliiacha wazi injini ya pikapu ya mteja wake Ater Malith kuanzia Novemba mwaka jana, akiwa bado mzima, ilhali pistoni mpya, gasketi na turbo vyote vilikuwa mezani pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1966 huko Lokiriama, katika boma la wafugaji, akasoma shule ya msingi mjini Lodwar hadi mwaka 1982, akajifunza umakanika Kitale, na Mei 1994 akafungua gereji yake hapa Kakuma, ambako alitengeneza magari ya wenyeji na ya wakimbizi bila kumuuliza mtu ametoka wapi. Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na Akiru, wakajaliwa Nakeno, mwaka 1998, aliyejifunza ufundi kwa babake, na Adome, mwaka 2002.

Kosa lake kubwa alilisimulia mwenyewe. Agosti 2009 alifunga turbo kwenye injini ya petroli iliyobana hewa mara kumi na nusu, bila kubadilisha pistoni, na kwa kuwa turbo huleta hewa ambayo tayari imebanwa, petroli ikawaka kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga, na pistoni ikatoboka kwenye barabara ya Lodwar, gari likiwa na mzigo na jua likiwa kali. Alimjengea mwenye gari injini nyingine, akaitundika pistoni ile mlangoni, na tangu hapo kila aliyekuja kujifunza kazi aliambiwa “punguza kubana kwanza, turbo baadaye” hata kabla ya kusalimiwa ejok.

Aliugua figo katikati ya Januari mwaka huu wa 2025, akalazwa Lodwar, akafariki Jumanne tarehe 4 Machi.

Siku hiyohiyo fundi mmoja alimwambia Ater kwamba turbo ingefungwa kwa pistoni zilezile za zamani, kazi ya siku moja.

“Wapi! Mzee alisema ibane mara nane na nusu,” Ater alimjibu. “Nakeno ndiye atafunga.”

“Na ikigonga, mzee Ater?” Nakeno aliuliza.

“Ikigonga, utundike pistoni ingine mlangoni.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lodwar, majirani waliolala nasi matangani, na mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo.

Jumamosi iliyopita familia iliamua kwamba Ekai asirudishwe nyumbani kwa gari la kukodi. Nakeno alifunga pistoni zinazobana kidogo, akapima mara tatu, akafunga turbo, na jana, kwa ruhusa ya Ater, akaendesha pikapu hiyo mwenyewe kutoka Lodwar hadi Kakuma, kwenye jua la saa nane, babake akiwa nyuma.

Pumzika kwa amani, baba Nakeno. Injini imefungwa, na haikugonga.